Shati Moja katika Foto Mbili

Walipokuja kuniomba niseme peke yangu mbele ya kamera, ilinipasa kukataa. Ningewaambia wamngoje mwenzangu amalize mavuno ya mpunga kule Lubarika, ashuke mjini, tukae wawili kwenye benchi moja tuielezee foto ile pamoja. Badala yake nilikubali hata hawajamaliza kuomba. Nilisema mimi natosha, hadithi ni ileile akiwepo au asipokuwepo. Kisha nikaingia ndani kubadili suruali.

Tangu hapo sikai nikatulia. Nikikaa kwenye kiti nataka kusimama, nikisimama miguu inanitoa nje, na nikishika barabara najikuta naelekea shuleni. Mke wangu ameacha kuniuliza ninakwenda wapi.

Waliokuja nyumbani kwangu Songo, hapa Uvira, siku ile walikuwa wawili: mama mmoja wa komite ya wanafunzi wa zamani, na fundi wa kompyuta aliyevuka kutoka Bujumbura. Wenzetu walioko ng'ambo walikuwa wamechanga na kuituma shuleni ekrani kubwa, kioo cha kompyuta cha kugusa kwa kidole, pana kama mlango uliolazwa. Ilikuwa iwekwe kwenye korido, karibu na ofisi ya prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule. Ndani yake zingeingia foto zote za darasa la mwisho, mwaka kwa mwaka. Zilikuwa zimetolewa kwenye vile vitabu vya mwaka ambavyo shule ilikuwa ikivitengeneza zamani, na ambavyo vililala ndani ya sanduku la bati mpaka kurasa zikaanza kushikana kwa unyevu. Ungegusa mwaka, foto ingefunguka. Ungegusa uso, jina lingetokea. Na kama kuna mtu wa mwaka huo aliye karibu na mwenye kumbukumbu, ungesikia sauti yake akisimulia.

Wa darasa letu tuliokuwa bado huku ni wawili tu, mimi na yeye wa Lubarika. Wengine wamelala makaburini, wengine wako mbali.

Darasa letu lilikuwa kubwa, na mpiga foto hakuweza kutupanga sote kwenye ngazi za shule mara moja. Alitugawa, nusu kwanza, nusu baadaye. Kitabuni zile nusu mbili zilibandikwa kurasa mbalimbali, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuzitazama kwa pamoja. Fundi alikuwa amezikutanisha. Alinigeuzia kompyuta yake, akakuza, akaweka kidole kwanza kwa mwenzangu upande wa kushoto, halafu kwangu upande wa kulia.

"Papa," akasema, "naona muko na shati moja. Angalia mufuko, umekaa upande upande kwa wote wawili."

Nilicheka. Ni kweli, mfuko wa shati lile ulikuwa umeshonwa ukainama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Mama wa komite akapiga makofi, akasema hii ndiyo hadithi wanayoitafuta, watoto wa leo waone jinsi wazee wao walivyosoma kwa kusaidiana. Akauliza kama wamngoje mwenzangu. Nimekwisha kusema nilichojibu.

Kamera ilipowashwa nilisema hivi: kwamba rafiki yangu alitoka bondeni Ruzizi akiwa hana shati la kupigia foto, kwamba mimi, mtoto wa hapa ziwani, nilikuwa nalo, nikapigwa nusu ya kwanza, nikakimbia nyuma ya ukuta wa vyoo, nikalivua, nikamvalisha, naye akapigwa nusu ya pili. Nilisema, "Sikuweza kumwacha ndugu yangu nje ya foto." Mama wa komite alifuta macho.

Shati halikuwa langu. Lilikuwa lake.

Mama yake ndiye alilishona, kwa mkono, kwa kitambaa cheupe alichokipata kwa mpunga wake mwenyewe, ili mtoto asije akachekwa na watoto wa mjini. Na tulimcheka hata hivyo. Sisi wa ziwani tulikuwa na tabia hiyo. Mtu akishuka kutoka bondeni tulimwambia, "Wee wa mupunga, umekuja kuona maji?" Tulimwuliza kama kwao wanalala na ng'ombe. Mimi nami nilikuwa kwenye kundi la wachekaji, ingawa kwetu hakukuwa na kitu, na shati langu la pekee lilikuwa limechanika kwapani na limegeuka rangi ya maji ya kuoshea dagaa. Siku ya foto nilikuwa nimejificha nyuma ya vyoo ili nisiitwe. Yeye, akiwa ametoka kupigwa nusu ya kwanza, alinikuta hapo. Hakuuliza kitu. Alianza kufungua vifungo.

Nililivaa kwa pupa kwa sababu walikuwa wakituita. Kifungo cha juu kikakatika na kuruka kwenye majani. Kilikuwa kikubwa kuliko vingine na hakikufanana navyo, kwani mama yake alikuwa amepungukiwa kifungo kimoja akang'oa cha blauzi yake. Baada ya foto tulikitafuta kwa magoti mpaka kengele ikalia, hatukukiona. Aliporudi kwao likizo alimwambia mama yake kwamba alikipoteza yeye.

Kuanzia siku hiyo, tukiwa wawili tu, aliniita "wee wa kifungo." Alinisalimu hivyo kwenye arusi yangu, akininong'oneza sikioni. Alinisalimu hivyo nilipomzika mtoto wangu wa kwanza, na lilikuwa neno la pekee siku ile lililonipa pumzi. Kwa hiyo siwezi kusema nilisahau. Kila alipofungua mdomo kuniita alinikumbusha shati lilikuwa la nani.

Ila nyumbani kwangu, miaka mingi, nilikuwa nikiisimulia kwa namna nyingine. Mwanzoni nilisema tulitumia shati moja. Baadaye sikutaja la nani. Halafu siku moja watoto waliuliza, na nikawaangalia wakinitazama, nikasema langu. Hakuna aliyebisha, maana hadithi ilikaa vizuri: mtoto wa mji, mtoto wa bondeni, nani amvalishe nani? Hata mke wangu aliiamini. Na mwenzangu alikuwa amefanikiwa, ana mashamba ya mpunga na ng'ombe upande wa Luberizi, ni mzee wa kanisa, watu wanasimama akiingia. Mimi nilikuwa karani wa ghala mpaka ghala likafungwa, basi. Katika hadithi hiyo moja mimi ndiye niliyekuwa natoa.

Siku ya kuifungua ekrani korido ilijaa. Prefe alikuwa ameamuru iwekwe ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, na mbele yake beseni la maji na sabuni, kwamba asiguse mtu mwenye mafuta ya mandazi mikononi. Wanafunzi walipanga mstari wakinawa kama wanaokwenda kula. Mwenzangu alikuwa amekuja na pikipiki kutoka Lubarika, kavaa koti lake la ibada, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliponiona alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Wee wa kifungo, umezeeka vibaya." Nilimjibu kwamba yeye amezeeka kama ng'ombe wake. Tukacheka. Nilijua kinachokuja, na bado nilicheka.

Msichana mmoja aligusa mwaka wetu. Foto ikafunguka, nusu mbili zikiwa zimeunganishwa, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyodhani sauti yangu inaweza kuwa. Mtoto wa hapa ziwani. Nikalivua, nikamvalisha. Watu walicheka kwa furaha, wakageuka kumtafuta huyo aliyevalishwa. Mzee mmoja wa darasa la nyuma yetu akamgonga bega, "Kumbe wee wa mupunga, watu wa ziwa ndio walikuvalisha!" Korido yote ikaangua kicheko.

Mwenzangu alitabasamu pamoja nao. Hakunitazama. Alikwenda kwenye mstari, akangoja zamu yake nyuma ya watoto, akanawa mikono polepole, akaikausha kwa leso. Kisha akaniita nisogee. Alikuwa ameona wengine wanavyofanya, akaweka vidole viwili kwenye kifua chake mwenyewe ndani ya foto, akavitanua. Shati likakua mpaka likajaza ekrani. Kifungo cha juu kilikuwa pale, kikubwa, cheusi, hakifanani na vingine.

"Unaona hiki?" akaniuliza.

"Naona."

"Mama alikitoa kwa blauzi yake. Foto ya mama sina. Niko na hii tu."

Akaivuta foto mpaka upande wangu. Shati lilelile, mfuko uleule ulioinama, na shingoni uzi mtupu.

"Huku hakiko," akasema.

Nyuma yetu watoto walikuwa wanasukumana.

"Miye sitakusemesha mbele ya watoto. Fundi angali hapa. Nenda kesho, useme vile ilikuwa. Usiseme mengi. Sema tu shati ilikuwa ya nani."

Niliahidi. Alipanda pikipiki yake akarudi kwao kabla ya soda kugawiwa.

Kesho yake sikwenda. Niliamka nikiwa nimeamua kwenda, nikanyoa ndevu, nikatoka. Njiani wanafunzi walinipita wakaniita, "Papa Shati, jambo!" Mmoja akataka kunibebea mwavuli. Muuza sabuni pembeni ya barabara aliuliza kwa nini wananiita hivyo, na wao wenyewe wakamweleza, vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Nilisimama pale nikiwasikiliza. Tangu ghala lilipofungwa hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kunisalimu kwanza. Nikajiambia siku moja haitadhuru, nikageuza nyumbani.

Jioni ile ile mwenzangu alipiga simu. Aliuliza, "Ulienda?" Nikasema bado. Akasema sawa.

Nilimweleza mke wangu ukweli, nikidhani kuusema kwake kutanisukuma. Alikuwa anachambua maharage.

"Miaka hii yote," akasema bila kuinua kichwa, "nilikuwa namuhurumia ule mutu juu ya shati yako." Kila siku baada ya hapo aliniuliza kama nimekwenda, nami nikamjibu kesho, mpaka akaniambia kesho yangu imekuwa mzee kunishinda. Alikuwa anatania, lakini hakucheka.

Nilipokwenda kweli, fundi alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kurudi Bujumbura. Prefe aliniambia hakuna anayeweza kubadili kitu ndani ya ekrani ila fundi, neno la kufungulia analijua peke yake, komite ilitaka hivyo ili vijana wasije wakaweka upuuzi. Nilimpigia fundi. Akasema atarudi juma lijalo. Halafu mpaka ukafungwa, na simu yake ikawa inaita bila kupokewa.

Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Nilikwenda shuleni asubuhi, nikarudi, nikaenda tena mchana. Ekrani ilitumia umeme wa jua, na siku za mawingu ilizimika kabisa. Mimi ambaye maisha yangu yote nimelilia umeme, nilianza kuombea mvua. Niliamka nikatazama milima, nikiona wingu zito moyo ulikaa chini. Jua likichomoza niliharakisha shuleni, nikasimama kwenye korido nikiwahesabu wanafunzi kwa macho, nani atagusa mwaka upi. Wakigusa mwaka mwingine nilishukuru. Wakigusa wetu nilisikia sauti ile ikitoka, yenye kujiamini, isiyotetemeka hata mahali pamoja. Nilitaka kuwaambia wasiiamini. Lakini wakigeuka na kuniona mzee mwenyewe amesimama pale, walifurahi sana, wakaniomba nisimame karibu na ekrani wanipige foto na simu zao. Nikasimama.

Siku moja prefe alitoka ofisini akanikuta. Alikuwa mtu mpole. Akasema, "Papa, unapenda kweli kujisikia," akarudi ndani. Nilitoka pale nikatembea hadi ufukweni, nikaona nimefika bila sababu, nikarudi.

Mwenzangu hakupiga tena. Mimi nilimpigia mara mbili tatu, nikamweleza habari za mpaka na neno la kufungulia. Alisikiliza. Alisema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza tangazo. Hakuniambia kwamba fundi alikaa Uvira siku kadhaa baada ya ufunguzi, na kwamba nilijua anapolala. Hakuhitaji kuniambia.

Mpaka ulipofunguliwa nilisikia kwa watu kwamba fundi yuko shuleni. Nilivaa shati jeupe, nikafunga vifungo vyote hadi cha juu, nikatembea haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kwenye korido nikamkuta fundi na yule mama wa komite, kizimba kimefunguliwa. Aliponiona mama alishuka moyo, nikaona usoni pake.

Alinieleza kwamba mwenzangu alikuja mwenyewe siku iliyotangulia. Aliomba atolewe kwenye ekrani. Mama alimwuliza kama ana ugomvi na mimi, kama anataka sauti yangu ifutwe.

"Akasema hapana," mama akaniambia. "Akasema, 'Sauti iko yake, muiache. Uso iko yangu, muutoe.'"

Kitu kimoja tu alikuwa ameomba, kwamba wamchapie sehemu yake ya foto kwenye karatasi. Aliikunja akaitia ndani ya biblia, akaondoka.

Nilinawa mikono kwenye beseni ingawa hakuna aliyenidai, nikagusa mwaka wetu. Nusu ya kulia mimi nilikuwepo, shingo wazi, uzi unaning'inia. Nusu ya kushoto, kati ya wavulana wawili waliokwisha kufa, kulikuwa na kipande cha kijivu kuanzia kichwani hadi kiunoni. Fundi alikuwa amekifanya kwa uangalifu. Nilikitanua kwa vidole viwili. Kikakua, kikajaza ekrani, kikabaki kijivu.

Nilimwomba anirekodi hata hivyo. Nikasema shati lilikuwa la nani, nani alilishona, nani alijificha nyuma ya vyoo, nani alipoteza kifungo. Nilisema vibaya, nikisimamasimama. Mama wa komite mara hii hakufuta macho, alitazama viatu vyake. Sauti hiyo ndiyo iliyomo sasa. Watoto wanaigusa mara moja tu, kwa sababu inasimulia habari za mtu asiyeonekana, na hakuna anayeniita Papa Shati tena. Hilo sikulilia.

Baadaye nilipanda kwenda Lubarika. Zamani nilikuwa nikifika kwake napitia jikoni. Nainua vifuniko vya sufuria, namuuliza mkewe wanatunyima nini leo, nachukua kigoda nakaa popote. Siku ile mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai uwanja mzima, wajukuu wakifukuza ndege. Niliona mlango wa jikoni uko wazi, nikaelekea huko kwa mazoea. Yeye akatokea mlango wa mbele.

"Karibu, muzee," akasema. "Pita huku."

Akanipitisha sebuleni. Akanipa kiti kikubwa, kile cha kitambaa cha kufumwa, ambacho anakikalia mchungaji akija. Mjukuu alileta maji ya kunawa. Soda ilifunguliwa mbele ya macho yangu, kama inavyofanywa kwa mgeni asije akawa na shaka, ikawekwa juu ya sahani. Aliniuliza habari za safari, habari za mke wangu, kama mjini kuna utulivu. Nilimwambia nimesema tena, nimesema vile ilikuwa. Akajibu kwamba amesikia, na kwamba nimefanya vizuri. Hapakuwa na hasira sautini mwake, nilitafuta sikuipata. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kile kiti, nikinywa soda ambayo sikuitaka, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu miguu yangu haikujua iende wapi.

Alinisindikiza hadi barabarani, akasimamisha pikipiki, akaniombea safari njema. "Asante kwa kutembelea, muzee." Nilingoja. Dereva aliwasha moto, nami bado nikamtazama mwenzangu mdomoni. Alipunga mkono.

Kukubali kusema peke yangu mbele ya kamera kulinigharimu rafiki yangu wa mwisho. Yuko hai, ana afya, namba yake ninayo. Kila mara nikienda atanipa kiti kikubwa na soda. Lakini hakuna tena mtu duniani wa kuniita "wee wa kifungo," na hilo nililitoa mimi mwenyewe, nikiwa nimebadili suruali na kukaa vizuri kwenye benchi.